Mchango Wako Usiishie Wiki ya Kwanza: Jinsi ya Kupanga Utoaji kwa Mfuko wa Afya

Unaijua hiyo jioni. Umetoka kazini, unashika simu, kumbe umeongezwa kwenye grupu mpya ya WhatsApp. Jina la grupu ni "Matibabu ya Mzee". Kuna picha ya mgonjwa, nambari ya Paybill, na orodha ya majina inayoanza kujaa. Unatuma 500, unaandika "ugua pole mzee", na unarudi kwa shughuli zako.

Mwaka jana grupu kama hiyo ilifunguliwa hapa hapa ofisini kwetu. Figo za babake mwenzetu zilikuwa zimefeli. Wiki ya kwanza pesa ziliingia mpaka tukashangaa. Wiki ya pili zikapungua. Wiki ya tatu mweka hazina alikuwa anaandika peke yake, "Asanteni, tuendelee tafadhali", na hakuna aliyejibu. Kufikia wiki ya sita watu walikuwa wanajitoa kwenye grupu usiku, polepole, wakitumaini hakuna atakayeona.

Si kwamba sisi ni watu wabaya. Shida ilikuwa hesabu. Mzee alihitaji kusafishwa damu kwa mashine, dialisisi, mara mbili kwa wiki. Mara mbili kwa wiki ni mara 104 kwa mwaka, na mwaka unaofuata ni 104 tena. Sisi tulikuwa tumefanya harambee ya mtu anayefanyiwa upasuaji mara moja na kurudi nyumbani.

Mwezi wa tatu, mwenzetu alituambia kitu ambacho hatujasahau. Mzee alikuwa ameanza kuruka siku. Bima ilikuwa inasaidia na gharama ya mashine, lakini haikulipa nauli ya kutoka kijijini, wala chakula cha njiani, wala dawa zote za presha na za kuongeza damu. Kwa hivyo alikuwa anaenda mara moja kwa wiki ili pesa itoshe. Kwa mgonjwa wa figo, siku inayorukwa ni uchafu na maji yanayobaki mwilini, na mwili hauna pahali pengine pa kuyapeleka.

Hapo ndipo tulipobadilisha mtindo. Watu 12 tulikubaliana: kila mtu shilingi 300, kila tarehe 2 ya mwezi, bila kukumbushwa. Hiyo ni 3,600 kwa mwezi. Si pesa nyingi, lakini ilikuja kila mwezi, na kwa sababu ilikuja kila mwezi, familia iliweza kuitegemea. Mzee alirudi kwenye ratiba yake ya mara mbili.

Halafu tukajiuliza swali lingine: na yule mgonjwa ambaye hana mtoto anayefanya kazi kwenye ofisi yenye watu 12? Huyo anategemea mfuko wa hisani, shirika linalosaidia wagonjwa wasiojuana na wafadhili. Na huo mfuko nao una shida ile ile ya grupu yetu: pesa huja kwa wingi siku picha inaposambaa, kisha zinakauka.

Makala haya ni ya jinsi ya kutoa kwa mpango. Tutaanza na kile unachoweza kufanya leo kwa simu yako, twende kwenye hisa, na tumalizie na wosia. Usiogope, hakuna hatua inayohitaji uwe tajiri.

Kwa nini mia kila mwezi inashinda elfu moja mara moja

Chukua watu 500. Wakituma shilingi 1,000 kila mmoja wakati wa kampeni moja, mfuko unapata 500,000. Watu hao hao wakituma 100 kila mwezi, kwa mwaka mfuko unapata 600,000. Tofauti ya jumla si kubwa sana. Tofauti iko kwa kile mfuko unaweza kufanya.

Pesa ya mara moja hulipa bili iliyo mezani. Pesa inayojulikana inakuja humwezesha msimamizi kumwajiri muuguzi kwa mkataba wa mwaka, kuagiza dawa mapema badala ya kununua moja moja dukani, na kumwambia mgonjwa, "Tutalipa nauli yako mpaka Desemba." Hiyo ahadi haiwezi kutolewa kwa pesa ambayo huenda ije au isije.

Kuna pia faida kwako wewe. Ukijua unatoa 200 kila mwezi, unaiweka kwenye bajeti kama kodi ya nyumba na tokeni za stima. Na siku ukiongezwa kwenye grupu ya nne ndani ya wiki moja, unaweza kusema hapana, au kutoa kidogo, bila dhamira kukusumbua usiku kucha.

Hatua ya kwanza: malipo ya kujirudia

Angalia kama app ya pesa ya simu unayotumia ina huduma ya kupanga malipo yajirudie. Ukiipata, unaweka nambari ya Paybill ya mfuko, kiasi, siku na muda. Kama haina, weka kikumbusho kwenye kalenda ya simu. Ni kazi zaidi kidogo, lakini inafanya kazi.

Mambo manne ya kuzingatia:

*Chagua siku inayofuata mapato yako, si siku inayovutia.* Kama mshahara huingia tarehe 28, panga tarehe 30 au 2. Kama wewe ni mtu wa biashara ndogo na pesa yako huja kila siku, mpango wa wiki ni rahisi kuliko wa mwezi. Shilingi 50 kila Jumamosi jioni ni 2,600 kwa mwaka.

*Anza chini.* Afadhali uanze na 100 na uongeze baada ya miezi sita kuliko uanze na 1,000 na usimamishe mwezi wa tatu. Mfuko ulishapanga na hiyo elfu yako.

*Usikope ili utoe.* Tunajua tunachosema hapa, maana sisi tuko kwenye biashara ya pesa ya simu. Mkopo wa simu una ada yake, na mchango unaotoka kwa mkopo unakugharimu mara mbili. Kwanza lipa michango yako ya SHA, weka akiba kidogo ya dharura, halafu toa.

*Jua ada iko kwa nani.* Kwa Paybill nyingine anayetuma ndiye hulipa ada, kwa nyingine anayepokea, na kuna zile pande zote mbili zinagawana. Kama ada iko kwako, gharama ya kutuma 300 mara moja kwa mwezi inaweza kuwa tofauti na ya kutuma 10 kila siku. Linganisha kwanza kwenye jedwali la ada.

Hatua ya pili: hisa zako zilizosahaulika

Mwaka 2008 serikali iliuza asilimia 25 ya Safaricom kwa umma, kwa shilingi 5 kila hisa. Wakenya walipiga foleni. Wapo waliochukua mikopo, wapo waliouza ng'ombe. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo, kwa hivyo wengi walipewa chache kuliko walizoomba na wakarudishiwa pesa iliyobaki. Hisa zilianza kuuzwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi mwezi Juni mwaka huo.

Leo nyumba nyingi zina mtu mwenye hisa mia tatu, mia tano, labda elfu moja, za kampuni hiyo au nyingine. Karatasi ziko chini ya godoro, nambari ya simu ilibadilika, na gawio, yaani ule mgao wa faida kwa wenye hisa, halijawahi kufuatiliwa. Gawio lisilochukuliwa kwa miaka halibaki kwa kampuni milele. Kwa sheria hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa, inayojulikana kama UFAA, na mwenyewe anaweza kulidai huko bado. Kwa hivyo kabla ya kusema "mimi sina cha kutoa", hebu uliza kwanza.

Kama una hisa na ungependa zisaidie mfuko wa afya, njia ni tatu.

*Toa gawio, baki na hisa.* Hii ndiyo tunaipenda zaidi kwa mtu wa kawaida. Tuseme una hisa 1,000 na kampuni imetangaza gawio la shilingi 1 kwa hisa. Hiyo ni 1,000. Kodi ya asilimia 5 hukatwa kabla hujalipwa, unabaki na 950. Kampuni kadhaa hulipa gawio moja kwa moja kwenye pochi ya simu. Ikiingia, unaituma kwa mfuko siku hiyo hiyo. Hisa bado ni zako, na mwaka ujao kampuni ikilipa tena, unatoa tena.

*Uza hisa, toa pesa.* Unampigia dalali wa hisa wako, anauza sokoni, anakata kamisheni yake, na pesa inakuja kwako. Kisha unatuma.

*Hamisha hisa zenyewe.* Hisa zako zinakaa kwenye akaunti ya CDS, chini ya shirika la CDSC linalotunza kumbukumbu za hisa za soko la hisa. Mfuko ukiwa na akaunti yake ya CDS, hisa zinaweza kuhamishwa kama zawadi kupitia dalali. Huu si uuzaji wa kawaida wa sokoni, kwa hivyo kuna fomu za kujaza na idhini ya kutafutwa. Muulize dalali gharama kabla ya kuanza, maana kwa hisa chache gharama na usumbufu vinaweza kula nusu ya zawadi.

Pengine umesoma kwenye mtandao ushauri wa Wamarekani: "Usiuze hisa, toa hisa zenyewe." Huko ushauri huo una maana, kwa sababu mtu akiuza hisa iliyopanda bei hutozwa kodi kwa ile faida, lakini akiitoa kwa shirika la hisani anaikwepa hiyo kodi kisheria. Kwetu mambo ni tofauti. Hapa Kenya, hisa zinazouzwa kwenye soko la hisa hazitozwi kodi ya faida ya mtaji. Ukiuza sokoni na kutoa pesa, hupotezi chochote upande huo.

Tena sheria ya kodi ya mapato inaruhusu mchango wa pesa kwa shirika lililosamehewa kodi uondolewe kwenye mapato yako yanayotozwa kodi, ukiwa na risiti na nakala ya cheti chao cha msamaha kutoka KRA. Kwa hivyo kwa Mkenya mwingi, kuuza kwanza halafu kutoa pesa ndiyo njia rahisi. Kuhamisha hisa zenyewe kunafaa pale mfuko unapotaka kuzishika kwa miaka na kuishi kwa magawio yake.

Hatua ya tatu: wosia, na wakfu

Hapa ndipo watu hubadilisha mada. Tunaogopa kwamba kuandika wosia ni kukaribisha kifo. Lakini kutoa mali idumu kuliko mtoaji si jambo geni kwetu.

Nenda Mombasa au Lamu. Utaambiwa nyumba hii au duka lile ni wakfu. Mwenyewe alishafariki, mali haiuzwi wala hairithiwi, na kodi inayokusanywa hutunza msikiti, madrasa au maskini mpaka leo. Kwa Waislamu hii ni sadaka inayoendelea, na Kenya ina sheria na tume maalum ya kusimamia wakfu. Nenda Muthaiga, Nairobi, utapata hospitali ya watoto ya Gertrude's, iliyoanza mwaka 1947 kwenye ardhi iliyotolewa na Ewart Grogan kumkumbuka mkewe, Gertrude. Wote wawili hawapo, na watoto bado wanatibiwa pale.

Wewe huhitaji nyumba wala shamba. Sentensi moja kwenye wosia inatosha: "Asilimia 5 ya akiba yangu kwenye sacco iende kwa mfuko fulani," ukitaja jina kamili la mfuko na nambari yake ya usajili. Ulizia pia sacco yako, maana nyingi zina fomu ya kuteua mrithi, na ni vizuri fomu na wosia viseme kitu kimoja.

Sheria ya Urithi ya Kenya inasema nini, kwa ufupi?

Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuandika wosia. Autie sahihi mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, nao watie sahihi. Shahidi asiwe mtu anayeachiwa kitu kwenye wosia huo. Akiwa ni mrithi, watahitajika mashahidi wengine wawili wasio na maslahi ili zawadi yake isimame.

Wosia wa mdomo nao unakubalika mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini una kikomo: kwa raia wa kawaida, aliyeutamka akiishi zaidi ya miezi mitatu, hauna nguvu tena. Kwa hivyo yale maneno ya Krismasi, "mimi nikienda, shamba la chini ni la hospitali", yasitegemewe.

Ukioa au kuolewa baada ya kuandika, wosia wa zamani kwa kawaida hufutika. Andika mwingine.

Na usitoe kila kitu. Mke, mume, watoto na wengine wanaokutegemea wakiachwa bila cha kutosha, wanaweza kwenda mahakamani na mahakama ikagawa upya. Kwa Waislamu, wasia una mpaka wa theluthi moja ya mali, na unawaendea wasio warithi. Zungumza na kadhi au mwanasheria kabla ya kuandika.

Jambo la mwisho hapa linahusu pochi yako ya simu. Pesa iliyo kwenye simu ni mali yako kama nyingine, na ukifariki inaingia kwenye mirathi. Jamaa asichukue PIN yako na kuitoa usiku wa msiba, hata kama nia ni kulipa jeneza. Aende kwa mtoa huduma na cheti cha kifo na stakabadhi za mirathi atakazoambiwa. Andika mahali fulani una akaunti zipi. Usiandike PIN.

Kabla hujatuma: hakiki

Tumeona mabango ya mtoto mgonjwa yakizunguka na nambari ya Paybill iliyobadilishwa. Picha ni ya kweli, mtoto ni wa kweli, pesa inaenda kwingine. Kwa hivyo:

- Pata nambari ya Paybill kutoka kwa mfuko wenyewe, kwa ofisi yao au tovuti yao rasmi, si kutoka kwa picha uliyotumiwa.
- Kabla ya kuweka PIN, angalia jina linalotokea kwenye skrini. Kama mfuko unaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama hapo.
- Uliza usajili. Tangu Mei 2024, mashirika ya manufaa ya umma yanasimamiwa na mamlaka iliyochukua nafasi ya ile Bodi ya NGO. Mengine yamesajiliwa kama wakfu au kampuni isiyo ya faida. Shirika la kweli halikasiriki ukiuliza.
- Omba hesabu za mwaka uliopita. Hata ukurasa mmoja: ziliingia ngapi, zilitibu wagonjwa wangapi, ofisi ilitumia ngapi.
- Hifadhi SMS za malipo. Ukikosea nambari, anza kurudisha muamala mara moja. Usingoje kesho.
- Hakuna mfuko, hospitali wala sisi wenyewe tutakaokuuliza PIN. Anayeiuliza ni mwizi.

Mpango wa ukurasa mmoja

Chukua karatasi jioni ya leo. Andika mistari minne.

Wa kwanza: mfuko mmoja wa afya unaouamini. Mmoja tu, labda unaohusu ugonjwa uliougusa ukoo wenu: saratani, figo, selimundu, kisukari.

Wa pili: kiasi na siku. "Shilingi 150, kila tarehe 2."

Wa tatu: kitu ulicho nacho kinachozaa, kama gawio la hisa au la sacco, na sehemu gani yake utatoa mwaka huu.

Wa nne: nani nyumbani anajua. Huu ndio watu husahau. Mpango ambao mume, mke au mtoto mkubwa haujui huzua ugomvi ukigunduliwa, au hupotea kabisa mwenyewe akiugua.

Harambee za WhatsApp zitaendelea, na ziendelee. Kuna dharura ambazo haziwezi kungoja tarehe 2. Lakini magonjwa mengi yanayomaliza akiba ya familia za Kenya leo ni yale ya kukaa nayo miaka: figo, sukari, presha, saratani. Ugonjwa wa miaka unahitaji mchango wa miaka.

Grupu yetu ya ofisini bado ipo. Siku hizi ni kimya sana, hakuna anayeandika "tuendelee tafadhali". Kila tarehe 2 zinaingia SMS 12, na Jumanne na Ijumaa asubuhi mzee anapanda matatu.